Saliha kwenye Laini ya Redio

Miaka tisa ya vita, Saliha alishona nguo kibarazani kwake mtaani Buyenzi huku akibishana na redio. Redio kubwa ya mjini ilisoma habari na kuaga; yeye akaijibu akiwa na pini mdomoni, na haikumsikia. Kisha redio mpya ikaanza kupokea simu za wasikilizaji. Namba yake aliikariri siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja ya kiangazi, mteja alimwambia kwamba mtaa wa Carama nyumba zinachomwa. Carama ndiko alikoishi kaka yake, Shaabani. Redio kubwa ilikuwa ikipiga kwaya. Saliha aliacha gauni mashineni, akakimbilia kibanda cha simu kuipigia redio mpya.

"Alo, ni Saliha wa Buyenzi. Carama wanachoma manyumba! Watu wakimbie!"

"Mama, umeona mwenyewe?" aliuliza Léonce, mtangazaji.

"Moshi huu hapa!" alisema, ingawa hakuwa ameuona, akakata simu.

Alifungulia redio mpya, akarudi kushona, lakini kila mshono ulikwenda upande. Mara redio ikatoa sauti ya mwanamke.

"Mi ni Geneviève wa Carama. Ule mama wa Buyenzi anisikie. Apana nyumba! Tulikuwa tunachoma majani ya shamba. Sasa watu wamekimbia, muzee Melchior ameanguka kwenye mufereji, mguu umevunjika."

Saliha alisimamisha mashine. Miaka yote aliwalaumu wale waliosema bila kumsikiliza mtu. Leo yeye ndiye aliyesema, na mzee amelala mtaroni.

Akarudi kibandani. Laini ilikuwa na watu; alipiga mara sita.

"Ni mi tena," alisema alipopata. "Sikuona kitu. Niliambiwa tu. Munisamehe. Mwenye gari amubebe muzee."

Redio ya kibandani ikamtoa dereva mmoja aliyejiita Rénovat, akipiga kutoka Kinama, njiani kwenda Carama: kizuizi cha askari kimefungwa kwa magari, wanaruhusu watembea kwa miguu tu.

Saliha alirudi nyumbani, akachukua vitambaa vya kufungia mguu, akatembea karibu kukimbia hadi Carama. Shaabani alikuwa mzima, ameshika upande mmoja wa mlango uliong'olewa, mzee Melchior akiwa amelazwa juu ya mlango huo. Upande wa pili aliushika mwanamke mwenye masizi mikononi. Saliha aliwasalimu.

"Ni we wa redio?" aliuliza Geneviève, akiitambua sauti.

"Ni mi."

Geneviève alisogea kumpisha nafasi.

"Basi shika huku. Dispensari iko mbali."