Neno Moja la Redioni Lililomnyima Mama Dufie Mkate

Saa moja na nusu asubuhi, Daktari Nyarkoa Bediako ameshavaa glavu na ameinamia kipande cha kioo. Juu yake kuna nyama ya uvimbe wa titi, iliyokatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Anaidondoshea protini iliyotolewa kwenye karanga, karanga hizi hizi za supu, kisha anasubiri.

"Karanga ina pua," anasema bila kuinua kichwa. "Inazijua sukari za seli ya saratani, inazing'ang'ania. Kazi yangu ni kuangalia imeng'ang'ania wapi."

Ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka tisa, katika maabara hii ya Kumasi, amekuwa akichunguza sukari ndogo mno zinazoota juu ya seli kama vinyweleo, na namna uvimbe unavyozitumia kujificha usionwe na askari wa mwili, yaani chembe za kinga. Mwaka juzi umeme ulikatika siku mbili, barafu ya friji ikayeyuka, sampuli sitini na nne zikaharibika. Alilia, anakiri, halafu akaanza upya.

Lakini ukimuuliza ni lini kazi hii ilimtia hofu ya kweli, hataji friji. Anataja redio.

Ilikuwa Februari, alipoalikwa kwenye kipindi cha asubuhi aieleze kazi yake kwa Kitwi, lugha ya kwao. Akatumia neno la nyumbani, asikyire, ambalo kwa watu wa sokoni ni sukari ya kwenye uji na si kingine. Akasema sukari ndiyo inayousaidia uvimbe kujificha. Alizungumza dakika kumi bila karatasi, akatoka pale akijiona amefanya la maana.

Aliyekuwa akimsikiliza mtaani Asafo ni Mama Dufie, dada mkubwa wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Mama Dufie ameoka mikate miaka thelathini, na mikate hiyo ndiyo iliyomsomesha Nyarkoa. Wakati huo alikuwa mgonjwa wa saratani ya titi, ameshapata dozi mbili za dawa.

Alipomsikia mwanawe akaenda jikoni, akamwaga uji. Tangu siku hiyo hakugusa mkate, ndizi mbivu wala kiazi kikuu, maana kanisani mtu alimwambia nacho kikifika tumboni ni sukari. Akabaki na mboga za majani na maji.

"Hakunieleza," anasema Nyarkoa. "Nikimpigia ananiambia, nakula kama ulivyosema. Nami nafurahi. Mjinga mimi."

Siku ya dozi ya tatu, mzani wa hospitali ulisoma kilo arobaini na tisa. Alipoanza matibabu alikuwa na hamsini na nane. Daktari wa pale akakataa kumpa dawa, akisema mwili ule hautaihimili. Akampa wiki tatu, na asiponenepa angengoja tena, ilhali uvimbe haungoji mtu. Nyarkoa alikuwa amesimama kando Mama Dufie alipomjibu daktari kwa majivuno kwamba aliyemkataza sukari ni binti yake, tena Kumasi nzima ilisikia.

Jioni hiyo Nyarkoa akamweleza mambo ya seli, na kwamba sukari ya chakula ni nyingine. Mama Dufie hakuyumba.

"Unanionea huruma tu," alimwambia. "Ungedanganya watu wote wale?"

Walivutana siku tatu. Nyarkoa alipika fufu, ugali wa kwao wa muhogo na ndizi, sahani ikasukumwa pembeni. Siku ya nne ikawa Jumamosi, na Mama Dufie akawa anakunjua kitambaa chake cheusi chenye maua mekundu, sare ya misiba ya ukoo wao, aende msibani. Nyarkoa akakitazama kile kitambaa, na maneno yakamjia.

Akamuuliza kama anamkumbuka yule mwanamume wa msiba wa mjomba Antwi. Nani angemsahau! Alikuja amevaa kitambaa kile kile cha ukoo, akaketi mbele, akala sahani tatu na ya nne akaondoka nayo. Upande wa baba ulidhani ni wa upande wa mama, upande wa mama ukadhani ni wa upande wa baba. Wiki nzima ilipita ndipo ikajulikana kwamba hakuna amjuaye.

"Basi saratani ndiyo yule," Nyarkoa akasema. "Sukari niliyoisema haimo kwenye uji wako, mama. Ni kitambaa alichojifunga. Askari wakimwona wanadhani wa ukoo, wanampisha. Ukikaa na njaa humvui nguo yule. Unawanyima wenyeji chakula."

Mama Dufie akaketi kitandani na kitambaa chake mapajani. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza kama mkate umebaki.

Wiki tatu baadaye mzani ulisoma hamsini na mbili, naye akapata dozi yake. Sasa kwenye foleni ya hospitali anawasimulia wenzake habari za yule mwanamume, na kwa jinsi anavyotia chumvi, sahani zimeshafika saba.

Nyarkoa anapanga kukaa na wagonjwa hao watafute pamoja maneno ya Kitwi ya kazi yake, kabla hajasogelea tena kipaza sauti. Na maabarani anataka kujua seli ya saratani inajivikaje sukari zile, ili siku moja izuiwe. Wa kwanza kumdai jibu yuko nyumbani kwake.

"Kitambaa nimekielewa," Mama Dufie anamwambia, kijiko mkononi. "Sasa mtafute fundi anayemshonea. Mimi nitakula kadiri utakavyotaka. Ila usikawie sana, mwanangu."