Kidole Gumba Chini ya Meza

Likizo yetu ya kwanza katika miaka thelathini na minne ya ndoa, mume wangu aliitumia kulala chali kwenye sakafu ya watu.

Ni seremala. Baba yake pia alikuwa seremala, akafariki mume wangu akiwa na miaka minne. Picha hakuacha. Aliacha randa moja na maneno ya mama mkwe: kwamba kila kazi aliyoimaliza alikandamiza kidole gumba kwenye vanishi mbichi, mahali pasipoonekana. Mume wangu naye hufanya vivyo hivyo, hata kwenye jeneza la mama yake alifanya. Kazi za baba mkwe zote zilishageuka kuni, isipokuwa zilizomo katika nyumba moja aliyoshiriki kuijenga, na huko ndiko tulikokwenda likizo.

Nyumba yenyewe ni ya zege, paa bapa, madirisha yanayoanzia ukuta huu hadi ule, samani zimejengewa ukutani. Siku hizi inatunzwa kama yai. Unakata tiketi na viatu unaviacha mlangoni. Binti anayetembeza wageni alimsifu mchoraji wa ramani yake, akasifu vioo, akasifu mwanga. Mafundi hakuwataja. Roho iliniuma.

Katika chumba cha kusomea palikuwa na meza ndefu iliyojengewa ukutani. Mama mkwe aliitaja mara nyingi. Kufumba na kufumbua mume wangu yuko chini yake, tumbo juu, soksi zimetoboka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mzee, hairuhusiwi kugusa!"

"Sigusi, mwanangu. Naangalia tu."

Nikamweleza binti kisa chote harakaharaka. Akaduwaa, kisha akawasha tochi ya simu na kuchuchumaa.

Mume wangu akatafuta kona ya kulia, ambako huweka alama yake. Hamna kitu. Akatafuta tena.

"Labda mama alikuwa ananibembeleza tu," akasema. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu tumzike mama yake.

Hapo nikakumbuka. Kitinda mimba wetu alipoanza kuandika kwa mkono wa kushoto, mama mkwe alicheka: huyu kamrithi babu yake.

"Wewe mzee, angalia kushoto!" nikamwambia. "Baba yako alitumia mkono wa kushoto!"

Akajisogeza kushoto. Kisha nikamsikia anashusha pumzi.

"Naomba nikiguse," akasema.

Binti alimkabidhi simu, akaenda dirishani. "Mimi natazama bustani," akasema. Mungu amjalie.

Nami nikapiga magoti, nikachungulia. Kidole kilikuwa pale, mistari yake yote, chembamba. Mume wangu akaweka gumba lake juu yake, gumba la miaka sitini na moja, limevimba kwa nyundo. Likakifunika chote.

"Baba alikuwa na miaka mingapi alipofariki?" akaniuliza, ingawa anajua.

"Ishirini na sita."

Machozi yalimtiririkia masikioni.

"Mtoto tu," akasema. "Mke wangu, kitinda mimba wetu ni mkubwa kwake."