Sista Inua Mikono na Mzee wa Upande Mmoja

Kule Lodwar walimwita Sista Inua Mikono, na hilo jina alilitafuta mwenyewe. Akiru alikuwa muuguzi katika wodi ya watu wenye shida za kichwa na neva: waliopigwa na kiharusi, wenye kifafa, na wale waliopanda bodaboda bila helmeti wakashukia kichwa. Kabla hujamaliza kumsalimia alikuwa ameshatazama kama mboni za macho yako zimelingana na kama mdomo wako umenyooka. Asiporidhika alikuambia ufumbe macho, unyooshe mikono yote miwili mbele na uiache hewani, aone kama mmoja utaanza kushuka.

Siku moja alimfanyia hivyo mhubiri, ibada ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, kwa sababu ulimi wake ulimkwama kidogo katikati ya mahubiri. Mhubiri akafumba macho na kuinua mikono. Waumini waliokuwa wakitoka wakadhani kuna maombi ya ziada, wakarudi ndani, nao wakainua. Akiru akapita katikati yao akiwatazama mmoja mmoja, na inasemekana alimpata mama mmoja ambaye mkono wake ulishuka, akampeleka kupimwa presha papo hapo. Mhubiri mwenyewe hakuwa na kitu. Meno ya bandia tu, mapya.

Mama yake, Nakal, ambaye mpaka leo anafuga mbuzi kule Kaikor, husema tabia hiyo ni ya tangu utotoni. Mbuzi akianza kuinamisha shingo upande mmoja na kuzunguka mahali pamoja, Akiru ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona. Nakal anaongeza kwamba mbuzi walikuwa na heri, maana hawakuulizwa leo ni siku gani.

Maswali hayo ndiyo yaliyomletea aibu alipohamishiwa zahanati moja ya Kakuma. Alikuja nayo kama alivyofundishwa chuoni: unaitwa nani, uko wapi, leo siku gani, rais ni nani. Mtu wa kwanza kuyapata alikuwa Ekidor, mzee mfugaji aliyeteleza kwenye mawe ya lugga, ule mto mkavu, na kujigonga kisogo. Akiru akamuuliza kama anajua yuko wapi. Mzee akasema yuko mbele yake. Akamuuliza leo ni siku gani. Mzee akasema ni siku aliyoletwa hapa bila kutaka. Kuhusu rais alijibu kwamba hawajawahi kutembeleana. Akiru akaandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa.

Aliyekuwa naye pale ni Hilaire, mhudumu wa afya ya jamii, Mkongomani aliyekaa muda mrefu katika kambi ya wakimbizi, mwenye Kiswahili cha kwao kisichokubali kubadilika. Hilaire alikuwa akijizuia kucheka. Mzee Ekidor naye akaona sasa ni zamu yake. Akamuuliza Akiru mvua ya mwisho ilinyesha upande gani, na mbuzi wa baba yake wamekatwa alama gani masikioni. Akiru, ambaye hakuzoea kuulizwa na mgonjwa, akasita akifikiria kama inafaa ajibu. Mzee akamgeukia Hilaire akamwambia kwa upole kwamba msichana huyu hayuko sawa, atafutiwe kitanda.

Akiru alinuna mpaka jioni. Lakini hakuwa mtu wa kung'ang'ania kosa. Tangu siku hiyo mfugaji akija na kichwa kilichogongwa, aliulizwa kama huu ni wakati wa mvua au wa ukame, mifugo inanywa maji kisima gani, na ngamia wake waliozaa wana rangi zipi. Mwenye akili timamu alijibu bila kupumua. Aliyekosea rangi ya ngamia wake mwenyewe, huyo gari la wagonjwa lilitafutwa haraka.

Basi alikuwa ameshazoea Kakuma, na Kakuma imeshamzoea, Mabil alipoanguka.

Mabil alikuwa na duka sokoni, la unga, sabuni na tochi. Alitoka Sudan Kusini akiwa kijana, na alikuwa mrefu kiasi kwamba kila asubuhi aliinamia mlango wa duka lake kama anausujudia. Kiswahili alifundishwa na wateja kwa njia ya kubishana bei, kwa hiyo hata akikuamkia ulihisi unakataliwa punguzo. Asubuhi hiyo mkewe, Athieng, alimkuta amekaa chini ameegemea gunia, pembe ya kushoto ya mdomo imeshuka, akilalamika kwamba kuna mtu amelala juu yake.

Akiru alimpokea zahanati na kumwambia ainue mikono yote miwili. Mabil akainua wa kulia, akamtazama kama mtu aliyemaliza kazi.

"Na wa pili, mzee?"

"Nimeinua yote. Wewe huoni?"

Wa kushoto ulikuwa umelala pajani kama samaki. Akiru hakubishana. Alimlaza kichwa kimeinuka, akampima presha na sukari, akakataza asipewe hata tone la chai asije akapaliwa, jambo ambalo Mabil alilitafsiri kuwa uchoyo wa serikali, kisha akapanda naye gari hadi Lodwar. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa ulioziba upande wa kulia wa ubongo. Daktari alimtibu, hali ikatulia, na baada ya muda Mabil akarudishwa Kakuma aendelee kuuguzwa nyumbani, Akiru na Hilaire wakiwa wageni wake wa kila siku.

Kwanza palikuwa na kumeza. Kila kitu kipya kilianza na kijiko kimoja cha maji, mgonjwa ameketi wima, Akiru akisikiliza sauti baadaye kama inatoka na majimaji. Mabil alisema hajawahi kuona mtu anayesikiliza maji. Palikuwa na kumgeuza kitandani ili ngozi isichubuke, na kumnyoosha vidole vya mkono uliolala. Hapo ndipo Hilaire alipotoka nje siku moja, uso umembadilika.

"Sista, huyu papa anasema ule mukono haiko yake. Anasema ni yangu, nimeusahau mu kitanda, niuondoe."

Akiru akaelewa ni nini kilichobaki. Macho ya Mabil yalikuwa mazima, lakini ubongo wake ulikuwa umeacha kupokea habari za upande wa kushoto. Mkono, ukuta, mlango, watu, kila kilichokuwa kushoto kwake kilikuwa kama hakijaumbwa. Alinyoa ndevu za shavu moja akaomba kioo kiondolewe, amependeza. Wageni waliokaa kushoto walidhani amewanunia, na mmoja wao aliyekuwa na dhamiri mbaya aliomba msamaha kwa jambo ambalo Mabil hakuwahi kulijua.

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha mpaka yalipofika kwenye sahani. Athieng alimpikia asida, ule ugali laini wa mtama, na mchuzi wa bamia pembeni. Mabil alikula nusu ya kulia, ikaisha kabisa, kisha akasukuma sahani na kuuliza chakula kilichobaki kiko wapi. Athieng akamwonyesha. Hakuona. Kesho ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Mabil alikuwa hajapoteza sauti, na kuta za kambini si nene. Haukupita muda soko zima likajua kwamba Athieng, mke wa watu, anamlisha mumewe mgonjwa nusu sahani.

Wazee wa kanisa wakaja kusuluhisha. Waliketi kwa heshima, wakaanza na maombi, kisha wakamuuliza Athieng kama kuna jambo linalomsumbua moyoni. Athieng aliinuka kwenda jikoni. Alileta chakula, akakiweka mbele ya mumewe, akarudi nyuma. Mabil akala nusu yake mbele ya mashahidi. Wazee wakatazamana. Akiru, ambaye alikuwa ameitwa na Hilaire na kuja mbio, akaona sasa ndiyo nafasi. Akawaeleza ugonjwa ulivyo, halafu, bila kuficha raha yake, akashika sahani na kuizungusha. Ile nusu iliyobaki ikahamia kulia.

Mabil akaitazama. Akaitazama tena.

"Mmeona wenyewe," akawaambia wazee. "Alikuwa ameficha. Sasa amewaogopa, amerudisha."

Mzee mmoja alilazimika kutoka nje akajifanya anakohoa. Akiru alibaki ameshika hewa pale sahani ilipokuwa. Alikuwa ametarajia uso wa mshangao, pengine hata asante. Wazee walielewa, na habari za nusu sahani zikafa sokoni, lakini Mabil mwenyewe alikula ile nusu ya pili kama mtu aliyeshinda kesi.

Baada ya hapo Akiru alikaza sheria. Kila mtu amsalimie mzee kutoka kushoto. Maji yake yawekwe kushoto. Athieng aketi kushoto, amwite jina mpaka ageuke, kwa sababu ubongo hujifunza kwa kuulizwa mara nyingi. Athieng alitafuta kengele ya ng'ombe, akaifunga kwenye kifundo cha mkono ule uliolala, ili ukisogezwa kengele ilie na mwenyewe autafute. Mabil alilalamika kwamba kuna fahali ndani ya nyumba. Lakini alianza kugeuza shingo.

Siku moja Akiru alimkuta Athieng nyuma ya nyumba akipepeta mtama uliokuwa umeshatakata. Aliulizwa kama anaumwa. Alisema hapana. Akaendelea kupepeta, kisha akasema bila kuinua macho:

"Binti yangu, wewe unaniambia nikae upande asioniona. Nakaa. Nafanya mazoezi, nageuza, naita. Lakini nimeishi na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Mimi ni wa kuonekana lini?"

Akiru alikuwa na jibu la chuoni, na lilikuwa jibu zuri. Hakulitoa. Alikaa chini karibu naye, akasaidia kupepeta vibaya, na baadaye akasema kwamba wakati wa mazoezi iwe kushoto, lakini chakula kikishaliwa na maombi yakianza, mama akae kulia anapopenda, na sista hatauliza. Tangu hapo jioni ziliwakuta wawili hao wamekaa bega kwa bega nje ya mlango, Athieng kulia, wakibishana kuhusu bei ya sabuni.

Mambo yalisogea polepole. Mguu ulipata nguvu kabla ya mkono, kama inavyotokea mara nyingi, na Mabil akaanza kutembea na fimbo huku Hilaire akimshika mkanda kwa nyuma. Kisha, asubuhi moja, Akiru alipokuwa akimnyoosha vidole, Mabil aliutazama ule mkono muda mrefu. Akaugusa kwa wa kulia, kuanzia kiganjani hadi begani, mpaka akajikuta mwenyewe.

"Huu ni wangu," akasema.

Akiru alifurahi kiasi cha kumwita Athieng aje aone. Ndiyo siku aliyokuwa akiingojea. Ila Mabil hakufurahi. Muda wote ule alikuwa mzima akizungukwa na watu wakorofi; sasa kwa mara ya kwanza alijua kwamba ameumwa. Aliacha kubishana. Sahani ilikuja nzima akaila nusu, na safari hii kwa kukosa hamu. Hakulalamikia kengele, wala chai, wala serikali.

Hapo Akiru aliogopa kuliko siku ya kwanza. Alimweleza daktari, naye akasema huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa pia, si udhaifu wa moyo. Mabil akaandikiwa dawa. Akiru akaongeza ya kwake: alimwomba Athieng amrudishe mzee dukani, hata kama ni kukaa tu kwenye kiti. Walimweka pembeni ya kaunta, akiwa na shelfu zote kulia kwake. Siku za kwanza alikaa kama gunia lingine. Halafu akaja mama mmoja, akashika kipande cha sabuni na kusema kwamba duka la jirani wanauza nafuu. Athieng, ambaye anajua anachofanya, akaanza kumpunguzia.

"Mwache aende huko kwa jirani," ilisikika sauti kutoka kwenye kiti. "Lakini ajue ile sabuni ya jirani ni ya kuoshea mawe."

Mama yule alinunua. Athieng aliingia nyuma ya pazia kutafuta kitu, akakaa huko kitambo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Upande wa kushoto haujarudi wote, na huenda usirudi. Mabil bado hugonga watu sokoni kisha huwalaumu. Mkono hushika kikombe lakini haukubali kukiachia. Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, aliondoka nyumbani peke yake kwenda zahanati kupimwa presha. Athieng alikuwa ametuma habari mbele kwa simu, kwa hiyo Akiru alikuwa amesimama dirishani.

Alimwona akija na fimbo yake, mrefu, shati limefungwa vifungo sawasawa. Lango la zahanati liko kushoto ukitokea sokoni. Mabil akalipita. Akaendelea mpaka kwa fundi mabati, akasimama, akatazama ukuta kama mtu aliyedanganywa. Hilaire akataka kutoka akamwite, Akiru akamshika mkono.

Mabil alifikiri. Kisha, badala ya kugeukia kushoto ambako hakukuwa na dunia, akaanza kuzunguka kwa kulia, polepole, kama lori linalogeuza mahali finyu, akampita fundi, akaupita mti wa mgunga, akaipita barabara aliyotoka, akaendelea kuzunguka mpaka lango likatokea mbele yake. Akalitazama kwa kiburi. Akaingia, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa, na kuuliza kama katika nyumba hii mgeni bado hapewi chai.