Nilikitoa Kidhibiti Mwendo cha Gari la Mume Wangu, Nikanyamaza

Nimeua mtu nikiwa nimekaa, nimempakata mtoto, mikono yangu haijagusa usukani. Polisi hawanitafuti. Hakuna anayeninyooshea kidole. Na hilo ndilo linalonitoa roho!

Jina langu silitaji, maana huku Ngara tunajuana mno. Mume wangu mwiteni Baba Neli. Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo mtu asiniambie eti sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua.

Baba Neli alikuwa dereva wa shirika moja lililokuwa linahudumia wakimbizi. Mradi ulipofungwa magari yakauzwa, naye akapata Landkruza kuukuu, ile ya mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Wale watu wa shirika walikuwa wamefunga kidhibiti mwendo kwenye magari yao yote. Kiboksi cheusi tu, chini ya dashibodi. Ukifika themanini gari linakataa. Kanyaga mafuta mpaka sakafuni, litabaki hapo hapo themanini, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

Wenzake walionunua magari yale walivitoa viboksi wiki ile ile. Yeye akagoma. Alisema hicho kidude ndicho kilichokuwa kinamrudisha nyumbani mzima. Mshale wa spidi ulikufa siku nyingi, wala hakuhangaika kuutengeneza. Wa nini, wakati kuna kitu kinamshika? Akiingia kwenye lami alikuwa anakanyaga mpaka mwisho, anauacha mguu hapo, anapiga soga na abiria. Miaka minane mguu wake umezoea hivyo.

Gari likawa la abiria. Tunatoa watu Murusagamba kwenye ile barabara ya mawe, tunawaleta Ngara, na siku ya mnada tunashika lami mpaka Biharamulo. Mimi ndiye niliyekuwa naita watu stendi, Neli mgongoni.

Jamani, nilitukanwa! Vijana wa michomoko, vile vigari vidogo vinavyobana watu saba kwenye viti vya wanne, walikuwa wananisubiri nifungue mdomo tu.

"Dada, hilo la mnadani au la mazishini?"

"Panda hapo na ndizi mbichi, utashuka na ndizi mbivu!"

"Muulizeni dereva kama konokono wamempa njia leo!"

Abiria wanacheka, wanachukua mizigo yao, wanahamia kwao. Mama mmoja wa Bukiriro, muuza maharage, mteja wetu wa tangu mwanzo, ambaye kila wiki nampa shikamoo yake na kumbebea gunia, siku moja naye akashusha gunia. Akanishika bega kwa huruma. "Mwanangu, mumeo ni mtu mzuri. Lakini mnada haungoji mtu mzuri."

Hilo neno lilinichoma kuliko matusi yote.

Nikaenda nyumbani nikawaka. Nikamwambia Baba Neli akitoe hicho kiboksi, tumekuwa kichekesho cha stendi nzima. Akanywa uji wake mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Mama Neli, wanaocheka sio watakaotuzika. Sikitoi." Akaenda kulala. Nilitamani nimmwagie sufuria!

Mwezi uliofuata baba yake mdogo akafariki huko Nyamigogo. Akaenda msibani kwa pikipiki ya mtu, akaniachia gari nimwite fundi alibadilishe oili. Fundi akaja nyumbani, akainama chini ya dashibodi kutafuta fyuzi, akacheka.

"Shemeji, bado mna hiki? Mna simba hapa, mmemfunga kwa kamba ya mgomba!"

"Kitoe," nikasema.

"Mzee anajua?"

"Wewe ni fundi au mchungaji?"

Akacheka tena, akaunganisha waya moja kwa moja. Haikufika hata robo saa. Na sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Nilimwambia kiboksi chenyewe akiache palepale kilipo, kitupu, hakishiki kitu. Ili mume wangu akitazama akione.

Nilijiambia atakimbia kidogo bila kujua, abiria watarudi, halafu siku moja nitamwambia tukiwa tunakula na tutacheka wote. Mungu wangu! Nilidhani ni mzaha wa mume na mke.

Alirudi jioni. Kesho yake tukaenda Murusagamba kuchukua watu. Kwenye yale mawe hakuna gari linalofika hata hamsini, kwa hiyo hakugundua chochote. Siku ya pili yake ilikuwa mnada. Asubuhi, manyunyu, gari limejaa. Mama wa Bukiriro alikuwemo, michomoko ya kwanza ilishaondoka. Mimi nimekaa mbele, Neli mapajani.

Tukaingia kwenye lami. Baba Neli akakanyaga mpaka sakafuni kama siku zote, akauacha mguu.

Gari likaenda! Injini ikaimba sauti ambayo sijawahi kuisikia. Tukaupita mchomoko mmoja, tukaupita wa pili. Nyuma wakaanza kushangilia.

"Leo dereva kala nini?"

"Mama Neli, mmenunua injini mpya mnatuficha!"

"Kanyaga, baba, kanyaga! Leo tunachagua wateja!" Huyo ni mama wa Bukiriro, kwa mdomo wake mwenyewe.

Na mimi nikacheka. Niliwatazama wale wa michomoko kupitia kioo nikacheka kwa kiburi, najikumbuka mpaka meno.

Baba Neli akakunja uso. Akanigeukia. "Mbona limekuwa jepesi hivi?"

Aliniuliza! Hakuna wa kusema sikupewa nafasi. Nikamjibu, "Fundi kasafisha nozo za mafuta."

Akatikisa kichwa, akaamini. Mimi ni mke wake, kwa nini asiniamini? Mguu ukabaki pale pale.

Halafu ikaja kona. Kona hiyo amepita mara nyingi bila hesabu na mguu wake chini hivyo hivyo, na gari lilikuwa linakata bila shida, kwa sababu lilikuwa themanini. Siku hiyo sijui ilikuwa ngapi. Pembeni kulikuwa na baba mmoja anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, amevaa koti la mvua la bluu, ameinama kama wanavyoinama wote wanaosukuma ndizi. Hakutazama nyuma. Baba Neli alishika breki, gari likateleza na mkia wake, likamzoa, likaishia mtaroni.

Sitasimulia zaidi. Ndizi zilitapakaa lami nzima. Yule baba alifia palepale. Abiria walipata michubuko. Neli hakupata hata mkwaruzo, alikuwa anataka kunyonya.

Polisi walipofika ndipo nilipowajua watu. "Alikuwa anakimbia kama kichaa!" "Tulimwambia apunguze, hasikii!" Na mama wa Bukiriro, leso kichwani imelowa, anaapa kwa Mungu kwamba alimsihi dereva tangu tunatoka Ngara. Waongo! Waongo nyie wote! Shikamoo zangu zote nilizompa yule mama nazitaka zirudi!

Lakini nani mwongo kuliko mimi?

Mkaguzi wa magari akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka na kile kiboksi mkononi. "Waya umeungwa moja kwa moja. Kwa nini umekitoa?"

"Sijakitoa, afande."

"Kimetolewa na malaika?"

Watu wakacheka, mbele ya maiti! Baba Neli akanitazama. Hakunitazama kwa shaka, alinitazama kama mtu anayetafuta shahidi wake. Nikainama, nikajifanya namfunika mtoto.

Wakamchukua. Mpaka leo ninapoandika haya yuko mahabusu.

Wiki iliyofuata mama mkwe akanichukua twende kwa mjane wa yule baba. Mama mkwe ni Mrundi, magoti yake mabovu, lakini alipiga magoti yote mawili kwenye udongo wa yule mwanamke. "Mumbabarire," alikuwa anasema, mnisamehe, mnisamehe, mwanangu amewakosea, sijui shetani gani alimwingia. Mjane alikuwa anaitazama baiskeli iliyopinda, imeegemezwa ukutani, na watoto wake wanne wamekaa kwenye mkeka. Mimi nimekaa pembeni na maziwa yananidondoka, nimefumba mdomo. Mama wa watu anaomba msamaha wa dhambi yangu, nami namshika mkono kumwinua!

Siku hiyo nikashindwa. Kesho yake nikaenda kumwona Baba Neli, nikamwambia kila kitu, fundi, waya, kiboksi kitupu, nozo. Nilitaka anitukane. Nilitaka avunje ule wavu wa waya uliotutenganisha anipige.

Akasema, "Nilidhani ni mguu wangu."

Nikamuuliza unasema nini. Akasema siku zote zile humo ndani alikuwa anautazama mguu wake wa kulia, anajiuliza umeanza lini kumsaliti. Alishajihukumu mwenyewe kwamba hatashika usukani tena maisha yake.

Akauliza, "Neli ananyonya vizuri?" Nikasema ndiyo. Akasimama akaondoka kabla muda haujaisha. Tangu hapo nikienda ananitumia mtu aniambie anaumwa.

Nikaenda polisi. Nikasema ni mimi, niandikeni. Afande mmoja, mtu mzima, hata kalamu hakushika. "Binti, wake za madereva wote huja hapa na kusema hivyo. Rudi nyumbani unyonyeshe." Nikasema kuna fundi, muulizeni. Wakamwita kweli. Fundi akasimama mbele yangu, macho makavu, akasema hajawahi kuligusa gari lile, na mimi huenda nimechanganyikiwa kwa uchungu. Nikamrukia, wakanitoa nje!

Nikamwambia mama mkwe. Akanishika kichwa, akaniombea. Anaona nambebea mwanawe mzigo kwa upendo! Anawaambia majirani, "Mkwe wangu ana moyo!"

Ndivyo nilivyobaki. Nilipoweza kusema sikusema, na sasa nasema kila mahali, hakuna anayenunua. Jumatatu kesi inatajwa tena. Nitakuwepo. Karani ameshaniambia kesi ikiwa inatajwa tu hakuna anayesikilizwa, nikae kimya au nitolewe.

Nasikia watu wanabishana kwenye redio kama kila gari lifungwe kidhibiti, kubwa na dogo, mchomoko mpaka la mheshimiwa. Mmoja anasema ni kuwaonea madereva, mwingine anasema biashara zitakufa. Njooni muone baiskeli ya yule baba kisha mbishane! Yafungeni yote. Likitembea taratibu la mume wangu peke yake, atachekwa mpaka mke wake amgeuke. Yakitembea yote sawa, nani atamcheka nani? Na vifungeni kwa lakiri, mahali ambapo mwanamke mwenye hasira na fundi asiye na dhamiri hawawezi kufika.

Abiria, nyie mnaosema kanyaga, siku ya polisi mtasema mlimsihi. Najua. Nimewasikia.

Na wewe mke mwenzangu, au wewe tajiri wa gari, usiguse kitu kwenye gari la mtu anayekuamini ukakaa nacho moyoni. Kama umeshakigusa, inuka sasa hivi ukamwambie, hata akupige, hata akurudishe kwenu. Usingoje kumwambia akiwa upande wa pili wa waya. Mimi nilikuwa na barabara nzima ya kusema, na mume wangu aliniuliza mwenyewe. Maneno mawili yangetosha: punguza, nimekitoa.