Breki ya Kisigino

Sisi tuliokulia Mabira miaka ya tisini tulikuwa madereva kabla hata ya kupanda gari. Vigari vyetu vilikuwa vya mbao, magurudumu tulichonga wenyewe, na ekseli tulizilainisha kwa maganda ya ndizi. Unakisukuma mpaka juu mlimani, jasho linakutiririka, kisha unashuka nacho mbio, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Breki? Kisigino chako! Changu cha kulia kilikuwa kigumu kuliko kiatu cha padri. Mama akiniona alipiga ukunga: "Koku! Mtoto wa kike ukivunjika miguu, nani atakuoa?" Nanawa, nakula ndizi na maharage, na kesho yake niko mlimani tena.

Kisha gemu ikaingia Rubwera, tulikokwenda gulioni. Rubwera ya wakati ule hata haikuota kuwa na ofisi za wilaya. Mfanyabiashara mmoja kutoka Muleba alileta televisheni, jenereta na mashine ya gemu ya magari, akaviweka chumba cha nyuma cha duka lake. Siku ya gulio tulijazana mle hadi pumzi zikawa shida. Magari mawili yanakimbizana mjini, maghorofa yanapita, taa zinawaka. Yamawe! Nani alikumbuka alichotumwa gulioni?

Ila wasichana tuliruhusiwa kutazama tu. Bingwa alikuwa kaka yangu Deo, na wavulana walimbeba mabegani. Roho iliniuma, maana kwenye vigari vya mbao nilikuwa namshinda, na yeye alijua. Kila gulio nilimng'ang'ania mwenye duka: "Shikamoo mzee, mara moja tu." Akachoka. Akatangaza mbele ya wote kwamba nikimshinda Deo, wasichana wote watacheza. Nikishindwa, nisimsumbue tena.

Tukakaa kwenye benchi. Kila kona niliinama na mwili mzima, na wasichana nyuma yangu wakainama nami. Mzunguko wa mwisho tukawa sambamba. Ikaja kona kali, na mimi, mjinga wa mlimani, nikafanya nilichozoea: nikashindilia kisigino sakafuni nifunge breki. Kikanasa waya. Televisheni ikazimika.

"Nilikuwa mbele!" Deo akaruka, na wenzake wakambeba. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Wasichana hatukuigusa gemu ile mpaka mwenye duka alipohama nayo.

Siku hizi wanangu wanakimbiza magari kwenye simu, wamelala chali kwenye kochi, miguu laini kama mkate. Wakigongwa hata hawashtuki. Na mimi nacheza pia, sijifichi. Utu uzima haujaniponya ugonjwa huo. Krismasi iliyopita Deo, sasa mwenye mvi, alikuja kutusalimu akanikuta nacheza. Alisimama akitazama. Kisha akasema, "Koku, siku ile ulikuwa umenipita. Televisheni ilipozimika, nilimshukuru Mungu."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka. Neno hilo nililihitaji siku ile, chumba kimejaa, wasichana wote wakisikia. Nikageuka niwaambie angalau watoto. Kila mmoja alikuwa ameziba masikio kwa hedifoni, akishindana na mtu asiyemjua.