Supu Iliyolegea

Tangu mumewe Thongdam apatwe na kiharusi, Bualai alikuwa akiogopa maji. Si ya mafuriko wala ya bwawani. Maji ya kikombe. Nesi Wilawan wa zahanati alimweleza waziwazi: koo la mzee limelegea upande mmoja, kitu chepesi kitateleza kwenye mapafu kabla hajajua kama anameza, na nimonia itamaliza iliyobaki. Kila anywacho kiwe kizito. Akampa kopo la unga mweupe wa kukorogea.

Wifi yake Samniang ndiye aliyesoma maandishi ya kopo, miwani ikining'inia puani.

"Wanga uliobadilishwa," alisoma. "Umebadilishwa na nani? Ulikuwa na kosa gani?"

"Sijui, wifi."

"Madawa hayo! Kaka yangu kaponea chupuchupu, leo umlishe madawa? Na wewe mwenyewe umezeekea kwenye wanga."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu usichana wake Bualai alianika wanga wa muhogo kwenye ua wa saruji wa kiwanda kidogo cha hapo wilayani kwao, Dan Khun Thot, akiuvuta kwa reki juani mpaka kope zikawa nyeupe, hadi viwanda vikubwa vilipokuja na ua ukaota nyasi. Nyumbani kwake wanga haukukosekana. Basi kopo akalisukuma nyuma ya mtungi wa samaki wa kuchachusha, nusu kwa kumwogopa wifi, nusu kwa kuliogopa kopo lenyewe.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alipika maji na wanga wake mpaka yakawa rojo, akamlisha mumewe kijiko kimoja kimoja, macho kwenye koo lile, naye akimeza mate kila mzee anapomeza.

"Gundi," alinung'unika Thongdam kwa mdomo uliopinda. "Unataka kunibandika ukutani?"

Alichokitamani ni supu ya samaki ya ukwaju. Asubuhi moja Bualai akampikia. Alitoa miiba yote, akasaga nyama, akatia ukwaju mwingi kama apendavyo mzee, akakoroga wanga wake. Supu ikashika, ikang'ang'ania mwiko. Akaiacha jikoni ichemke taratibu huku akimwogesha Thongdam na kumbadilishia shuka. Aliporudi alipakua bila kuitazama tena. Si alikwisha kuiona nzito?

Kijiko cha kwanza Thongdam alifumba macho kwa utamu. Cha pili kikaenda pabaya. Hakukohoa, na ukimya ule ndio uliomtisha Bualai. Mdomo wazi, hakitoki kitu, midomo inageuka zambarau, mkono wake mzima, ule usiopooza, umekamata nguo ya mkewe.

"Baba, pumua! Pumua!"

Akamwinamisha, akampiga mgongoni, akapiga tena, mpaka supu ikamtoka mzee puani na kikohozi kikaja. Bualai akatazama bakuli. Supu ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Alihisi kama kuna mtu aliyepita jikoni akaibadilisha.

Jioni homa ikapanda. Hospitalini walimtia Thongdam dawa kwa mshipa, na Bualai akaketi kwenye benchi la nje, hataki kula, hataki kunywa, kana kwamba koo bovu ni lake. Nesi Wilawan alikuja kutoka zahanati, akamkuta hapo, Samniang kando yake, akasimuliwa habari ya supu.

"Uliiacha motoni, mama? Na ukwaju ndani?"

"Ilikuwa nzito. Niliiona."

"Ilikuwa. Wanga wako hauna ubaya. Punje zake zikipata moto zinavimba, ndipo supu inashika. Ukizidi kuuchemsha, tena na kitu kichachu, zinapasuka, supu inalegea. Ule wa kopo nao ni muhogo, pengine wa mashamba yenu haya haya. Kiwandani wamezikaza punje zisipasuke upesi. Tena umeshapikwa na kukaushwa, ndiyo maana unashika hata kwenye maji baridi."

"Na madawa?" aliuliza Samniang, sauti imeshuka.

"Wanatumia kidogo kuukaza, kisha wanauosha. Ni chakula, shangazi."

Samniang aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemtia woga."

"Nilikuwa nao tayari," Bualai alisema.

Thongdam alirudi nyumbani amekonda. Siku ya kwanza Bualai alikoroga unga wa kopo kwenye supu iliyopoa, akasubiri, akainamisha kijiko, akasubiri tena. Samniang akamshika kiwiko. Mzee akameza.

Supu ya ukwaju aliendelea kuila kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Woga wa Bualai haukwisha. Hakumruhusu mtu mwingine amlishe, na baada ya kila kijiko alitaka kusikia sauti ya mumewe, kama ni kavu au ina maji ndani yake, dalili kwamba kitu kimekwenda pabaya.

"Sema kitu, Baba."

"Kitu," alijibu Thongdam.