Kifua cha Kuazima

Kaka yangu wanamwita Besi, ingawa sauti yake ni nyembamba. Jina limetokana na kazi. Anatengeneza spika, zile kubwa za kumbini na zile ndogo za redio za nyumbani, na sijawahi kumwona akitengeneza kitu kingine. Redio zenyewe ni kazi yangu. Tunatumia kibanda kimoja na meza moja, yeye upande wa mlango, mimi ndani kabisa, mahali ambapo mteja hanioni mpaka aniite. Nimezoea hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa anazungumza na watu.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Spika ikiharibika, anabandua koni ya karatasi, anasuka upya koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, kisha anairudisha katikati ya sumaku. Hapo ndipo penye kazi. Koili ikiegemea upande hata kidogo, inasugua sumaku, na spika inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Mafundi wengine wanaiweka mezani na kubonyeza koni kwa vidole. Kaka alikuwa anaipakata kama mtoto mchanga, sumaku imelala kifuani kwake, halafu anabonyeza koni kwa vidole gumba, taratibu, macho ameyafumba. Alisema vidole vyake vimeungua sana kwa kulehemu, havisikii tena. Mkwaruzo alikuwa anausikia kwenye mfupa wa kifua.

Mwaka huu kifua hicho hicho kikaanza kumsumbua. Akawa anachoka bila sababu, akipanda ngazi anashika ukuta, akikaa anasinzia. Siku moja alidondoka kutoka kwenye kiti, na nilipomshika mkono nikakuta mapigo yameachana mno, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka kuingia. Hospitali wakamwekea mashine ndogo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, ya kuusukuma moyo pale unapochelewa. Nesi alitutajia jina lake la kitaalamu, lakini nyumbani ikabaki kuitwa kidude.

Nesi huyo alitupa maelekezo mimi na shemeji, mke wa kaka, tukiwa tumekaa pembeni ya kitanda. Mkono wa kushoto asiunyanyue juu ya bega mpaka aruhusiwe. Asibebe vitu vizito. Simu aisikilize kwa sikio la kulia. Halafu akamuuliza kazi yake. Kaka alipomwambia, nesi akaweka kalamu chini.

"Spika si zina sumaku, baba?"

"Bila sumaku hazilii."

"Basi sumaku isikaribie kifua chako. Ikikaribia, kidude kinabadilisha mwendo. Ukiiondoa kinarudi, lakini si kitu cha kuchezea. Fanya kazi yako huku umenyoosha mkono, sumaku ikae mbali na mwili."

Kaka akatazama dari. Shemeji akanitazama mimi.

Nyumbani hakupumzika, ingawa alikuwa analala tu. Wageni walikuja kumpa pole, na kila mmoja alitaka kuona kovu. Mwishowe akawa anafungua vifungo vya shati kabla hawajakaa, ili yaishe. Akishika ndoo, shemeji anaichukua. Akitaka kuanika taulo, shemeji ameshafika kwenye kamba.

"Hata kijiko utaninyang'anya," kaka alimwambia.

"Kijiko shika. Ila mkono wa kulia."

Aliporuhusiwa kurudi kwenye kazi nyepesi, shemeji aliweka sharti. Aende kibandani, akae na mdogo wake, auze chaja na vifuniko vya simu. Spika amwachie Mungu. Kaka hakubishana. Alisema sawa, na ile sawa yake ilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Kutoka nyumbani hadi kibandani si mbali, lakini siku ya kwanza tulisimama kwenye duka la nyuzi, tukasimama kwa muuza vyungu, tukasimama tena pasipokuwa na kitu chochote cha kusimamia. Alipofika akakaa mahali pake, akapanga chaja mezani, akazipangua. Mteja wa spika akija, mimi ndiye niliyetoka ndani kumwambia tumesimamisha kazi hiyo. Nilisema nikiwa nimeinamia chini. Kaka alikuwa anasikia kila neno, anageuza chaja mkononi kana kwamba hajui ina matundu mangapi. Aliniambia mara moja tu, tukifunga mlango, "Mdogo wangu, mimi hapa ni kama mwavuli uliosahauliwa na mteja."

Ndipo akaja mwenye muziki, yule anayekodisha vyombo kwenye sherehe. Ni mtu wa maneno mengi na ni rafiki wa kaka tangu zamani. Alibeba spika kubwa begani, akaitua mezani juu ya chaja.

"Besi! Nasikia siku hizi unatumia betri."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa shemeji anakuchaji usiku au mchana? Na umeme ukikatika?"

"Nakuazima wewe, maana mdomo wako hauzimi."

Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu alipodondoka. Mwenye muziki akacheka naye, kisha akashusha sauti. Spika ile amempelekea fundi wa pili na wa tatu, mara zote imerudi na mafua yale yale, na ana kazi ya kukodisha mwisho wa wiki. "Itazame tu, ndugu yangu. Kutazama hakuna sumaku."

Kaka alinyoosha mkono wa kulia, akabonyeza koni pale pale mezani. Akabonyeza tena. Akabadilisha kidole. Nilimwona anatafuta kitu ambacho vidole vyake havina habari nacho. Niliinama kuokota bisibisi iliyoanguka, na nilipoinuka spika ilikuwa imeshapakatwa.

Sidhani kama alikusudia. Mikono ilikwenda yenyewe, kama mikono inavyokwenda. Uso wake ukabadilika, akafumbua macho.

"Unakimbia," akasema.

"Nini?"

"Moyo. Unakwenda sawasawa kama cherehani."

Niliichukua spika, nikaisukuma mbali, hata sikumbuki ilikuwa na uzito gani. Mwenye muziki alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni. Kaka akaweka kiganja kifuani, akasubiri.

"Umerudi," akasema baadaye. "Hauumi. Umerudi." Kisha akamgeukia rafiki yake. "Chukua spika yako. Mimi basi."

Shemeji aliingia wakati huo huo na chakula cha mchana. Mwenye muziki, kwa hofu, akamweleza yote kabla hajaulizwa, huku akijilaumu. Nilingoja ugomvi. Shemeji aliweka chakula chini, akakaa kwenye kiti changu, akavua viatu.

"Nimechoka," alisema. "Usiku silali, nasikiliza kama unapumua. Mchana nasikiliza simu kama inaita. Ukitaka kufa na spika zako, niambie nami nikalale."

"Sitaki kufa," kaka alisema. "Nataka kufanya kazi."

"Fanya nyingine."

"Ipi? Mama watoto, ipi?"

Chakula kilipoa. Mwenye muziki akasogea kuchukua spika yake, na mimi nikaiona mikono yangu ikiifikia kabla yake. Mimi si mtu wa kujitokeza. Watu wawili wakinitazama kwa pamoja natokwa jasho, na pale walikuwa watatu. Lakini niliinyanyua ile spika, nikailaza sumaku kwenye kifua changu.

"Unafanya nini?" kaka akauliza.

"Niambie nisikilize nini."

"Si kitu cha kuambiwa."

"Niambie hivyo hivyo."

Alinuna. Akasema nimeipakata kama gunia. Akasema vidole gumba vikae pembezoni mwa koni, si katikati, na nibonyeze kama najaribu iwapo embe limeiva. Nikabonyeza.

"Unasikia nini?"

"Kitu kinapiga. Du, du, du."

"Huo ni moyo wako, mjinga wewe!"

Shemeji akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika.

"Uache upite," kaka aliendelea, sauti imepungua ukali. "Wenyewe una mwendo wake. Mkwaruzo uko nyuma ya huo, mdogo kama mchanga kwenye meno. Fumba macho."

Nikafumba. Nilibonyeza mpaka vidole gumba vikauma, naye anasema punguza, ongeza, geuza. Nikasema sisikii. Akasema tulia. Nikasema bado. Ghafla ukapita, kama mchanga kweli, chini ya titi la kulia, ukapotea.

"Upo! Huku!"

"Huku wapi? Mimi simo ndani ya shati lako."

Nikamwonyesha. Shemeji aliinuka, akamvuta kaka na kiti chake mpaka ukutani, akasimama kati yetu. "Wewe utakaa hapa. Shemeji yangu huyu atakaa kule. Maneno yapite, mwili usipite. Nikikuta kiti kimesogea, nakifunga kibanda hiki kwa kufuli langu."

"Sawa," kaka akasema. Hii sawa haikunitisha.

Hatukumaliza siku ile. Nikisogeza koili upande mmoja, inasugua upande mwingine, na kaka kila baada ya muda anainamisha kichwa ukutani na kupumzika. Mwenye muziki akaahidiwa kesho, naye akaondoka bila kumtania mtu.

Tulirudi nyumbani polepole, sote watatu tumechoka, kifua changu kinauma kana kwamba nimepigwa. Kwenye duka la nyuzi kaka akasimama kuvuta pumzi.

"Mara ya mwisho mkwaruzo ulikuwa kulia chini, au kulia juu?"

"Juu."

Akatikisa kichwa. "Basi umeisogeza koili mno. Kesho utairudisha nusu."